Mwaka Nilioisoma Atlantisi Nusu

Mwezi uliopita, kwenye msiba wa Dokta Gervas, walinipa mimi karatasi ya kusoma wasifu wa marehemu. Eti kwa sababu nina sauti. Mwanawe mkubwa alinifuata chini ya turubai, fulana yake ina picha ya baba yake kifuani, akaniamkia kwa adabu zote na kuniambia baba alikuwa ananitaja sana, kwamba hakupata tena msomaji kama mimi. Nikaipokea karatasi, nikavaa miwani. Mstari wa nne ulisema marehemu ndiye mtu wa kwanza nchini kuthibitisha mbele ya umma kwamba mji wa Atlantisi, ulioandikwa na Wagiriki wa kale, ulikuwepo kweli, na kwamba ulizama kwenye bahari yetu hii hii. Nikainua macho. Jirani na daftari la rambirambi waliweka meza nyingine yenye kitambaa cheupe, na juu yake zimepangwa chupa. Mafuta ya Atlantisi, lebo ya rangi ya dhahabu, na picha ya marehemu anacheka. Mtu hata hajazikwa, na biashara inaendelea pembeni ya jeneza. Mama mmoja akaifungua chupa kunusa, na ile harufu ikanifikia. Miaka yote hiyo na haijabadilika. Niliinuka mbio, nikaenda nyuma ya choo cha watu nikatapika chai yote ya asubuhi, mtu mzima mimi, na wajukuu zangu.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala wazazi wangu walikuwa nani, hayo hayamsaidii mtu. Nianzie kwenye nyumba ya Mama Zuhura, mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na tisa na narudia mtihani wa kidato cha nne. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani kuna jiko, choo na tangi la maji lililotoboka. Nilipanga chumba cha mwisho mkono wa kushoto, kilichopakana na jiko, kwa hiyo niliamka kila siku kwa harufu ya iliki na mafuta yakichemka. Mama Zuhura alikuwa anachoma vitumbua. Hakuniacha nitoke bila kula hata siku moja. Alivitoa vile vya kwanza ambavyo havijakaa sawa, akaviweka kwenye sahani ya bati, akasema hivi vibaya ni vya wapangaji, na wote tulijua kwamba ndivyo vitamu. Binti yake Zuhura alikuwa rika langu, tukalala kitanda kimoja mvua ilipovujia chumba chao. Nyumba ile ilinilea. Nayasema mapema mtu ajue nilimfanyia nani.

Mama Zuhura alikuwa na sukari, na mguuni alikuwa na kidonda. Kilianza kama lengelenge la kubanwa na kiatu, juu ya kidole gumba cha mguu wa kulia, kikakataa kupona. Nesi wa zahanati alimwambia mara mbili aende hospitali kubwa. Yeye alikuwa na hofu moja tu: kwamba akienda watamkata. Shoga yake alikwenda akarudi na magongo. Basi akawa anakifunga kidonda kwa kitambaa cha khanga, anakaa kwenye kigoda na mguu ameunyoosha, anaendelea na vitumbua vyake, na sisi wengine tulijifanya hatusikii uvundo.

Masomo yangu nilisoma kwa Mwalimu Shabani, mtaa wa pili tu kutoka pale, kwenye chumba cha ghorofani juu ya duka la vitambaa. Alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, mwembamba, shati lake limepigwa pasi mpaka linang'aa, na macho yote mawili yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho. Uso wa mtu aliuona, maandishi hakuyaona tena. Kwa hiyo tulikubaliana: yeye ananifundisha bure, mimi namsomea vitabu na kumwandikia anachosema, kwenye daftari kubwa la kauntabuku. Alikuwa na namna yake ya kuandika ambayo aliishika kuliko kitu chochote. Ukitaka kumpinga mtu, alisema, kwanza andika hoja ya huyo mtu, iandike vizuri kuliko anavyoisema yeye mwenyewe, mpaka akiisoma akushukuru. Halafu ndiyo ujibu. Basi kila jambo kwenye daftari lilikuwa na kurasa mbili. Ya kwanza juu yake tuliandika kwa wino mwekundu, Wenzetu wanasema. Ya pili, Nasi tunajibu. Niliona ni kujichosha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilitaka jibu tu.

Sasa vijana wa leo hawajui mihadhara ilivyokuwa inawaka mjini wakati ule, ngoja nieleze. Watu walikuwa wanashindana hoja za dini viwanjani, kwa spika na betri ya gari, na umati unasimama juani tangu alasiri mpaka magharibi. Msemaji anasimama, na pembeni yake ameketi msomaji na vitabu vyake. Msemaji akisema "Soma!" unasoma. Akisema "Basi!" unanyamaza, na yeye anawaeleza watu maana ya ulichosoma. Na kulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja: mtu anahukumiwa kwa kitabu chake mwenyewe, na kwa maandishi, si kwa kichwa. Ukisema jambo kwa kichwa watu wanakuzomea. Mtindo ule ulinoga mpaka watu wakautumia kwa mambo yasiyo ya dini kabisa, mpira, siasa, dawa. Dokta Gervas aliutumia kuuza mafuta.

Udokta wake aliupata wapi sijui, na hata kwenye wasifu wameruka. Alikuwa mrefu, mweusi wa kupendeza, suti ya kijivu, sauti nzito. Alisema Mgiriki wa kale aliandika habari za taifa kubwa lililoishi nje ya milango ya bahari, lenye kuta zilizopakwa madini na mifereji ya maji kuzunguka mji, likazama kwa siku moja na usiku mmoja. Milango gani ya bahari? Wazungu wanasema ya kwao. Yeye akasema la, ni ile ya Bahari ya Shamu, na nje ya ile kuna bahari gani kama si yetu? Kwa hiyo waliozama ni babu zetu. Umati ulilipuka hapo kila mara, na naelewa kwa nini, maana nani asiyetaka kuambiwa kwamba alikuwa mkubwa? Halafu anaonyesha kigae cha sahani ya buluu na bonge la jiwe la matumbawe, anasema vimetoka chini huko. Halafu mafuta: yanatoka kwa papa wanaokula majani yanayoota juu ya mapaa ya mji ule, ndiyo maana yanaponya vidonda, kikohozi na matatizo ya uzazi. Muuza duka mmoja wa Kiarabu pale kona aliuliza tangu lini papa anakula majani. Watu walimcheka yeye. Na Kilwa ipo, jamani, magofu yake yanaonekana kwa macho, wenyewe waliyajenga kwa hilo hilo jiwe la matumbawe, na sikumsikia mtu hata mmoja pale kiwanjani akiuliza habari za Kilwa.

Mimi na Zuhura tulipita tu siku ya kwanza, tunatoka kununua karatasi. Msomaji wake alikuwa amepatwa na mafua, sauti imekauka, na Dokta akauliza nani anajua kusoma vizuri. Zuhura, kwa utani wake, akanisukuma mbele. Nikashika kipaza sauti. Nikasoma mistari mitatu na watu mia wakanyamaza kunisikiliza, mimi niliyefeli mtihani, mimi wa chumba cha mwisho mkono wa kushoto. Niseme ukweli: sikumpenda Dokta Gervas. Watu wamevumisha hivyo na ningefurahi kama ingekuwa kweli, ningekuwa na udhuru kidogo. Nilikipenda kipaza sauti.

Nikabaki namsomea, na siku za kazi tulijaza chupa kwenye banda lake kule Gerezani. Anayetaka kujua Atlantisi ilikuwa na harufu gani aniulize mimi. Maini ya papa yalikuwa yanaletwa kutoka soko la samaki la Feri kwenye ndoo, yale ambayo hata paka wa pale wameyaacha, yanamwagwa kwenye pipa juani yajiyeyushe yenyewe. Juu kunaelea mafuta, chini kuna uji wa kijivu wenye funza. Tuliteka ya juu kwa kikombe na kuyapitisha kwenye soksi, ndiyo, soksi, halafu kwenye chupa za dawa ya kikohozi zilizooshwa nusunusu, halafu tone la marashi. Nilinawa kwa ndimu, kwa majivu, kwa sabuni ya kufulia, na harufu haikutoka kwenye kucha. Na kwa mikono hiyo hiyo nilikaa uani nikala vitumbua vya Mama Zuhura. Na kwa mkono huo huo nilimpelekea chupa ya kwanza, maana aliniomba, na mimi nikaona aibu kumwambia nilichokiona kwenye pipa. Akaipaka kwenye kidonda. Akasema anasikia nafuu.

Mwalimu Shabani alikuja nyumbani alipopata habari, akipapasa ukuta wa ukumbi. Alimwambia Mama Zuhura kwa upole kwamba ule mji haujawahi kuwepo, ni hadithi mtu aliitunga kuwaonya watu wake, na mafuta yale ni uchafu. Mama Zuhura alikuwa mtu wa haki. Akasema yeye hakusoma, hawezi kujua kati ya wasomi wawili nani mkweli. Basi wasimame wote wawili mbele za watu, kwa vitabu, kama ilivyo desturi. "Dokta akishinda nakaa na mafuta yangu," akasema. "Wewe ukishinda, Mwalimu, kesho yake asubuhi Zuhura ananipeleka hospitali, na wakate wakitaka." Nilikuwepo, nimeshika sahani. Zuhura alinitazama kwa furaha, kwa sababu alijua Mwalimu hawezi kushindwa. Hata mimi nilijua.

Dokta Gervas naye alijua, ndiyo maana aliniuliza bandani, kama mtu anayepiga soga, huyo mzee wako anaandikaje. Nikamweleza. Nilimweleza kwa kucheka, eti Mwalimu ana kichaa cha kuandika maneno ya adui kwanza, tena kwa ufundi kuliko adui mwenyewe. Dokta aliacha kujaza chupa. Akaniuliza ukurasa wa adui uko peke yake au umechanganyika na jibu. Nikamwambia uko peke yake, na huu wa Atlantisi tumeshauandika hivyo hivyo. Akasema mwezi ujao anazunguka Tanga, Moshi mpaka Arusha, na anataka msomaji wa kudumu. Hakusema zaidi ya hapo. Wala hakuniomba chochote, na huo ndio uchafu wake: aliniachia mimi mwenyewe.

Walikutana Jumapili, kwenye kipande cha uwanja upande wa Mnazi Mmoja. Mama Zuhura aliletwa kwa mkokoteni, ameketi juu ya godoro, mguu umefunikwa kwa khanga mpya. Spika ilikuwa ya Dokta, betri ya Dokta, na msomaji nilikuwa mimi, maana Mwalimu alipoulizwa kama ananikubali alijibu huyu ni mwanafunzi wangu, nani mwingine nimwamini? Dokta hakugusa kigae wala jiwe siku hiyo. Akalipokea daftari kutoka mkononi mwa Mwalimu, kwa sheria ile ile ya kitabu chako mwenyewe, akamuuliza kama ni lake. Mwalimu akakubali. Akamuuliza kama kilichoandikwa humo alikisema akiwa na akili timamu. Mwalimu akatabasamu, akasema ndiyo. Dokta akanipa.

"Soma!"

Juu kabisa palikuwa na maneno mawili kwa wino mwekundu, mwandiko wangu mwenyewe. Niliyaruka. Nikaanza chini yake, kwa sauti yangu nzuri: "Mji wa Atlantisi ulikuwepo. Aliyetuletea habari zake alikuwa Mgiriki mwenye heshima, si mlevi wa vilabuni. Ametaja upana wa mifereji, urefu wa kuta, na madini yaliyopakwa juu yake. Hakuna awezaye kukupa vipimo vya kitu ambacho hakijapata kuwepo."

"Basi!"

Kelele zilizopigwa pale sijawahi kuzisikia tena. Watu walirusha kofia. Mwalimu alisimama ametulia, amegeuza uso upande wangu, macho yake yale ya ukungu yananitafuta. Aliposikia kelele zimepungua akasema, bila kipaza sauti, "Endelea, binti. Fungua ukurasa wa pili." Watu wa mbele walimsikia, wakanyamaza, wakanitazama mimi. Nilikuwa nimeshika pembe ya karatasi kwa vidole viwili. Ukurasa wa pili niliujua kwa moyo. Mama Zuhura alikuwa ameinuka kwenye godoro lake kwa viwiko ili anisikie vizuri. Nikayaona mabasi ya Tanga, nikaona viwanja na watu wananyamaza kunisikiliza, na nikasema kwenye kipaza sauti:

"Imeishia hapo."

Mwalimu akaanza kueleza kwa kichwa. Wakamzomea, kwa maandishi, mzee, kwa maandishi. Kijana mmoja alimtupia ganda la chungwa likamgonga shavuni, akalipangusa kwa leso yake iliyopigwa pasi. Mama Zuhura akalala tena kwenye godoro, akamwambia Zuhura wamrudishe nyumbani, ana vitumbua vya kesho.

Miezi mitatu baadaye masika ilijaza maji bonde la Jangwani, barabara ikafungwa, na siku hiyo hiyo homa ilimpanda. Mguu ulikuwa mweusi mpaka kwenye ugoko. Walipomfikisha hospitali walikata juu ya goti, na daktari akamwambia Zuhura kwamba angeletwa mapema kingekatwa kidole tu. Kidole. Aliishi miaka miwili baada ya hapo, hakukaa tena kwenye kigoda. Zuhura aliacha shule kumhudumia mama yake, akaanza yeye kuchoma vitumbua. Mimi sikuwepo kuyaona mengi ya hayo. Nilikuwa Moshi, nilikuwa Arusha, nikisoma. Baada ya mwaka Dokta alipata binti mwenye sauti changa zaidi.

Nilipita kwa Mwalimu mara moja tu niliporudi. Wanafunzi wote walikuwa wamemhama, madawati yamepangwa ukutani moja juu ya jingine. Nikamwamkia, akaitikia, akanikaribisha chai ya rangi, akanimiminia mwenyewe kwa kupapasa. Nilimletea daftari lake. Hakulishika. Akaniuliza polepole, "Mwanaidi, siku ile, ule ukurasa wa pili ulikuwa umechanika?" Alikuwa ananifungulia mlango, yule mzee. Alinitafutia udhuru mwaka mzima, akaupata, akanipa mkononi. Nikamjibu ndiyo, Mwalimu, ulichanika. Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, akasema alijua tu, akaniambia nikae na daftari nisomee. Alikufa anaamini hivyo. Ya uwanjani naweza kusingizia ujana na kelele. Ya kwenye chai ile sina la kusingizia, na nikiikumbuka najitemea mate.

Wajukuu wananiuliza, maana mambo haya yamerudi kwenye simu, bibi, Atlantisi ilikuwepo au haikuwepo? Haikuwepo. Nawajibu hivyo hivyo kwa ufupi, wanaudhika, wanaona nawanyima utamu.

Basi kule msibani nilirudi kutoka nyuma ya choo, nikamrudishia yule kijana karatasi yake. Nikamwambia atafute mtu mwingine. Akadhani ni huzuni, akanipa pole, na akataka kunifungia chupa mbili nipeleke nyumbani. Nikaondoka bila kuaga. Nilipita nyumbani kuchukua daftari, limeliwa na mende pembeni lakini maandishi yapo, nikaenda Sikukuu. Nyumba ingali pale, imebanwa na maghorofa pande zote mbili, jua haliingii tena uani. Zuhura alikuwa anakoroga unga wa vitumbua vya jioni. Tumezeeka pamoja kwa mbali, tunakutana misibani, tunasalimiana, shoga hujambo, sijambo. Nikamwambia siku ile nilisema imeishia, na haikuwa imeishia. Akaweka mwiko juu ya sufuria, akafuta mikono kwenye khanga, akasema, "Soma."

Nikasoma. Nilianza na wino mwekundu. "Nasi tunajibu: kipimo si ushahidi. Fundi anavyo vipimo vya nyumba kabla haijajengwa, na nyingine hazijengwi kamwe. Mgiriki huyu alitaka kuwaonya watu wake juu ya kiburi, akajenga mji kwenye karatasi, akauzamisha yeye mwenyewe. Anayetuambia leo kwamba ameugusa, tumwombe atupeleke. Anayetuuzia kitu kilichotoka huko, tusikipake mwilini." Nikafungua karatasi iliyofuata ili aone kwamba ni tupu.

"Imeishia hapo?" akauliza.

"Imeishia hapo."

Akalichukua daftari, akalisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaupima ukurasa kwa kiganja chake, kutoka juu mpaka chini.

"Kumbe ni ukurasa mmoja tu," akasema.

Nikamwambia ndiyo, mmoja. Akanirudishia, akashika mwiko wake, akaniambia niende, mafuta yameshapata moto.